Kipokea sauti cha kushoto kinafifia na sasisho la programu dhibiti linakwama katikati: nianzie wapi?

Msikivu

Habari zenu wote. Nina vipokea sauti vya masikioni visivyotumia waya ambavyo nimevitumia kwa zaidi ya mwaka bila malalamiko. Siku hizi kuna mambo matatu yananisumbua kwa pamoja, na sijui kama yana chanzo kimoja au kila moja lina lake. Kwanza, sauti ya upande wa kushoto imekuwa ndogo kuliko ya kulia, na tofauti hiyo inaongezeka polepole. Pili, ninapotembea nje simu ikiwa mfukoni, upande huohuo wa kushoto hukatikakatika, lakini nikiwa nimekaa ndani haukatiki kabisa, jambo linalonishangaza kwa sababu ndani ndiko kuliko na vifaa vingi vya Wi-Fi. Tatu, programu ya mtengenezaji iliyo kwenye simu inaniarifu kwamba kuna toleo jipya la programu dhibiti (firmware), yaani ile programu inayoendesha vipokea sauti vyenyewe kwa ndani. Nikikubali, kazi huanza vizuri, hufika katikati, kisha hutokea ujumbe usiosema lolote zaidi ya kwamba sasisho halikufaulu.

Nimekwisha kuvifuta kwenye orodha ya Bluetooth ya simu na kuvioanisha upya, na hali ni ileile. Kabla sijavirejesha katika hali ya kiwandani ningependa kuelewa mambo mawili. Je, kufifia na kukatika huko kunaweza kusababishwa na programu dhibiti iliyopitwa na wakati? Na je, kuna hatari ya kuviua kabisa iwapo sasisho litakatika tena likiwa njiani?

FundiMawimbi

Ndugu Msikivu, maelezo yako yenyewe yamekwisha kuyatenganisha matatizo. Sauti kuwa ndogo na sauti kukatika ni hitilafu mbili za asili tofauti, hata kama zimekutana kwenye sikio moja. Programu dhibiti yenye kasoro kwa kawaida hujionyesha ghafla, yaani mara tu baada ya sasisho fulani au baada ya kubadilisha simu. Kitu kinachopungua kidogo kidogo kwa miezi ni dalili ya kitu kinachojaa au kinachochakaa, na kwenye vipokea sauti vya masikioni kinachojaa ni ule wavu mdogo ulio kwenye mdomo wa kutolea sauti.

Kabla ya kugusa chochote, fungua mipangilio ya ufikivu kwenye simu yako utazame kitelezi cha uwiano wa sauti ya kushoto na kulia, kwa sababu kikisogezwa kwa bahati mbaya huleta dalili hiihii na watu huhangaika bure. Kikiwa katikati, chukua kile kipokea sauti cha kushoto ukishikilie kwenye sikio la kulia, muziki ukiwa unaendelea. Kikisikika kidogo hata huko, kasoro imo ndani yake. Kikisikika vizuri, basi huenda sikio lako la kushoto ndilo lenye nta, na hapo wa kumwona ni mhudumu wa afya, si fundi.

Kasoro ikiwa ya kifaa, vua ile kofia ya mpira, elekeza mdomo wa kifaa chini ili uchafu udondoke badala ya kuingia, kisha usugue wavu taratibu kwa brashi laini iliyo kavu. Kofia ya mpira peke yake unaweza kuiosha kwa maji, mradi ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Usitumie sindano wala kijiti cha meno, maana wavu ukitoboka uchafu utafika kwenye kiwambo cha spika na hautatoka tena. Usipulize hewa ya mgandamizo pia, kwa sababu huisukuma nta ndani zaidi. Ukiwa hapo, safisha na vitundu vya maikrofoni vya nje. Vikiziba, mfumo wa kuondoa kelele husikia mambo nusunusu na mara nyingine huanza kupiga mluzi.

Sasa nije kwenye kukatika, ambako ndiko kuna mambo ya kuvutia. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hutumiwa pia na Wi-Fi na hata tanuri za maikrowevu. Ili kuishi na msongamano huo, Bluetooth ya kawaida imegawanya masafa yake katika mikondo 79 na kuruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine hadi mara 1,600 kwa sekunde. Na tangu toleo la 1.2 lililotoka mwaka 2003, vifaa huweza kuitambua mikondo yenye vurugu na kuikwepa. Ndiyo maana Wi-Fi ya nyumbani kwako haikusumbui sana. Kinachoisumbua Bluetooth zaidi ya Wi-Fi ni mwili wako mwenyewe. Mwili una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya masafa hayo. Ukiwa ndani ya nyumba, mawimbi yasiyoweza kupenya kiwiliwili hugonga ukuta na dari, yakakufikia kwa upande mwingine. Ukiwa mahali pa wazi hakuna cha kuyarudisha, kwa hiyo simu iliyo mfuko wa kulia inalazimika kutuma mawimbi kupitia nyonga, kifua na kichwa ili yafike sikio la kushoto.

Jambo jingine ni kwamba si vipokea sauti vyote vinavyogawana kazi kwa usawa. Katika miundo mingi ya zamani, upande mmoja ndio unaozungumza na simu, kisha unaupelekea mwenzake sauti kwa kuvuka kichwa. Miundo ya baadaye humruhusu mwenzake kusikiliza mawimbi yaleyale ya simu moja kwa moja. Jaribio lako ni jepesi: tembea njia ileile simu ikiwa mfuko wa kushoto au mfuko wa shati. Kukatika kukihama au kukiisha, umepata jibu, na hakuna sasisho litakalobadilisha maumbile ya maji, ingawa ni kweli kwamba matoleo mapya ya programu dhibiti mara nyingine huboresha namna pande mbili zinavyosaidiana.

KikashaTupu

Naongezea kwenye swali la sasisho, kwa kuwa FundiMawimbi amelipita juu juu.

Ni vyema kujua kwanza kinachofanyika. Simu hupakua faili kutoka kwenye seva ya mtengenezaji kupitia intaneti, na hatua hiyo huchukua muda mfupi. Kinachochukua muda ni kuihamisha faili hiyo hadi kwenye kipokea sauti kwa njia ya Bluetooth, tena kwa kila upande, kwa vipande vidogo vinavyothibitishwa kimoja kimoja. Kwenye vifaa vingi vilivyoundwa kwa uangalifu, kumbukumbu ina sehemu mbili: programu inayofanya kazi hubaki ilipo, na ile mpya huandikwa pembeni. Ikiisha kuandikwa yote, kifaa hukagua ukamilifu wake pamoja na saini ya kidijitali ya mtengenezaji, na ndipo kinapojiwasha upya kwa kutumia sehemu mpya. Kwa mpangilio huo, mawasiliano yakikatika wakati wa kuhamisha, toleo la zamani huendelea kufanya kazi kama kawaida, na kwa kuwa lako limekwama mara kadhaa na vifaa bado vinapiga muziki, nina imani kwamba ndivyo vyako vilivyo. Wakati wa kuogopa ni ule wa mwisho, kifaa kinapojiwasha upya. Hapo usifungue wala kufunga kikasha cha kuchajia, wala usikitoe kifaa ndani yake, mpaka programu iseme kazi imekwisha.

Kwa nini linakwama katikati? Mshukiwa wangu wa kwanza ni hali ya kuokoa betri ya simu. Skrini ikizimika, simu nyingi huzibana programu zinazoendelea chinichini, na uhamishaji hufa bila maelezo. Zima hali hiyo kwa muda, iache programu ya mtengenezaji ikiwa wazi kwenye skrini, na usiendelee na shughuli nyingine kwenye simu hiyo. Mshukiwa wa pili ni kifaa kingine kilichounganishwa. Ikiwa vipokea sauti vyako vinaweza kuunganishwa na simu na kompyuta kwa wakati mmoja, zima Bluetooth ya kompyuta kwanza, kwa maana arifa yoyote inayolia huko inaweza kunyakua njia. Chaji nayo ni muhimu, ya simu, ya kikasha na ya pande zote mbili, kwa sababu programu nyingi hukataa au hukatisha kazi pale upande mmoja unaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa.

Kwa wenye Android kuna mtego wa ruhusa. Kuanzia Android 12, iliyotoka mwaka 2021, programu inatakiwa kupewa ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Kabla ya hapo, kutafuta vifaa vya Bluetooth kulihitaji ruhusa ya mahali, na watu wengi waliikatalia kwa sababu hawakuona uhusiano wake na muziki. Kwenye iPhone, ruhusa ya Bluetooth kwa programu moja moja ilianza na iOS 13 mwaka 2019. Ukiwa umekataa, unaweza kusikiliza muziki bila tatizo huku programu ya mtengenezaji ikidai kwamba haioni kifaa chochote, kwa kuwa muziki unapitia mfumo wa simu na si programu hiyo.

Soma pia maelekezo ya kifaa chako hasa, kwa maana watengenezaji hawafanani kabisa. Wengine wanataka vipokea sauti viwe ndani ya kikasha kilicho wazi, wengine wanataka uwe umevivaa. Kwa Galaxy Buds za Samsung sasisho hufanyika ndani ya programu ya Galaxy Wearable. Kwa AirPods za Apple, utaratibu uliozoeleka ni kwamba zinajisasisha zenyewe: ziwe ndani ya kikasha kinachochajiwa, karibu na iPhone iliyounganishwa na Wi-Fi, kikasha kimefungwa, na Apple inaelekeza kusubiri angalau dakika 30 kabla ya kufungua na kutazama namba ya toleo. Anayetumia AirPods na simu ya Android peke yake hapati njia hiyo, kwa hiyo itambidi aazime kifaa cha Apple.

Kama programu yako inaonyesha namba ya toleo kwa kila upande, itazame. Sasisho lililokufa njiani linaweza kuacha upande mmoja na toleo jipya na mwingine na la zamani, na hali hiyo huleta mambo ya ajabu: pande kutopatana kwa wakati, vidhibiti vya kugusa kufanya kazi upande mmoja tu, au upande mmoja kukataa kuwaka. Dawa yake ni kulikamilisha sasisho, si kuoanisha upya.

Kuhusu kurejesha hali ya kiwandani, iwe hatua ya mwisho, na uifanye kwa mpangilio. Futa kwanza vipokea sauti kwenye kila simu na kompyuta iliyowahi kuvitumia, kisha ndipo uvirejeshe. Vikirejeshwa, vinasahau ufunguo wa siri vilivyokubaliana na simu. Simu ambayo bado inaushikilia ufunguo wa zamani itajaribu kuutumia, itakataliwa, na wewe utadhani kifaa kimeharibika.

MpendaUtulivu

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo, na naomba uzingatiwe. Sioni sababu ya kukimbilia kila toleo jipya. Vipokea sauti nilivyokuwa navyo awali vilikuwa vinaondoa kelele vizuri sana; likaja sasisho lililoahidi uthabiti, na baada yake ngurumo za injini za basi zikaanza kupenya waziwazi. Nilitafuta namna ya kurudi kwenye toleo la zamani nikaambiwa haiwezekani, kwa kuwa kifaa chenyewe hukataa toleo lenye namba ndogo kuliko lililomo. Tangu wakati huo nimezima usasishaji wa kujiendea. Toleo jipya likitoka, nasubiri wiki kadhaa, nasoma wengine wanasema nini, kisha naamua. Ikiwa vifaa vya Ndugu Msikivu vitapona kwa kusafishwa na kwa kuhamisha mfuko wa simu, kwa nini aendelee kuhangaika na sasisho?

LangoLaNyuma

Ndugu MpendaUtulivu, kusubiri wiki mbili tatu ili kuona kama toleo lina kasoro ni busara, na sikupingi hapo. Kutosasisha kabisa ndiko ninakokupinga, kwa sababu vipokea sauti si spika tu. Ni kompyuta ndogo yenye maikrofoni, tena inayoaminiwa na simu yako.

Mwezi Juni 2024 Apple ilitoa toleo jipya la programu dhibiti ya AirPods na baadhi ya vifaa vya Beats ili kuziba kasoro iliyosajiliwa kwa namba CVE-2024-27867. Kipokea sauti kilipokuwa kikitafuta kuunganishwa na kifaa kilichowahi kuoanishwa nacho, mtu aliye ndani ya umbali wa Bluetooth angeweza kujifanya kuwa ndiye kifaa hicho na kukifikia. Mwaka uliofuata, Juni 2025, watafiti wa kampuni ya Kijerumani ya ERNW walitangaza kasoro tatu katika chipu za Airoha, ambazo hutumiwa ndani ya vipokea sauti vya chapa nyingi. Aliyekuwa karibu aliweza kusoma na kuandika kumbukumbu ya kifaa bila hata kukioanisha. Airoha iliwapa watengenezaji marekebisho, lakini marekebisho hayo hayamfikii mtumiaji mpaka kila mtengenezaji ayaweke katika programu dhibiti yake, na mtumiaji naye akubali kuisakinisha. Ni kweli kwamba mashambulizi ya aina hii yanahitaji mtu awe karibu nawe na awe na ujuzi, kwa hiyo sisemi kwamba kila msikilizaji anawindwa. Ninachosema ni kwamba kasoro hizo haziondoki kwa kusafisha wavu.

Tena si usalama peke yake. AirPods Pro za kizazi cha pili ziliuzwa kama vipokea sauti vya kawaida; Septemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha programu inayozifanya zitumike kama kisaidizi cha kusikia kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani, na uwezo huo uliwafikia wenye vifaa kwa njia ya sasisho. Ushauri wangu basi ni kusoma maelezo ya toleo: yakitaja usalama, lisakinishe bila kukawia, yakitaja rangi mpya za ndani ya programu na mambo ya namna hiyo, subiri utakavyo. Wanaoandika maelezo ya jumla tu, kwamba wameboresha uthabiti, ndio wanaotuweka njia panda, na kwa kweli hilo ni kosa lao.

Neno moja la tahadhari: usipakue faili ya programu dhibiti kutoka mahali popote isipokuwa kwenye programu au tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, hata kama aliyeiweka anaahidi kukurudishia toleo la zamani.

Msikivu

Nawashukuru nyote. Nimefanya kama mlivyoelekeza, na naleta matokeo kwa faida ya watakaofuata.

Kitelezi cha uwiano kilikuwa katikati. Kipokea sauti cha kushoto kilisikika kidogo hata kwenye sikio la kulia, na nilipokitazama chini ya taa, nusu ya wavu ilikuwa imefunikwa na utando wa njano. Baada ya kusugua kwa brashi, pande zote mbili zinalingana. Kuhamishia simu mfuko wa kushoto kulipunguza kukatika kwa kiasi kikubwa, ingawa hakukuisha.

Kuhusu sasisho, namba za matoleo zilikuwa tofauti, kama KikashaTupu alivyohisi: upande wa kulia ulikuwa na toleo jipya na wa kushoto la zamani. Nilizima hali ya kuokoa betri na Bluetooth ya kompyuta, nikaiacha skrini ikiwaka, na kazi ikaisha bila kukwama. Tangu pande zote ziwe na toleo moja, kukatika nje kumekuwa kwa nadra sana. Sikulazimika kurejesha hali ya kiwandani.

Limebaki jambo moja ambalo sasisho halikuligusa. Nikitumia vipokea sauti hivi na kompyuta, muziki ni safi, lakini mara tu ninapojiunga na mkutano wa video kila kitu hugeuka kuwa chembamba na chenye mkwaruzo, kana kwamba nasikiliza simu ya mezani ya zamani. Je, hiyo nayo ni kasoro?

FundiMawimbi

Nafurahi kusikia hivyo. Hilo la mkutano si kasoro ya kifaa chako, ni mpangilio wa Bluetooth ya kawaida. Muziki husafiri kwa utaratibu mmoja, unaopeleka sauti kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta kuja masikioni, kwa ubora mzuri na kwa kutenganisha kushoto na kulia. Maikrofoni ya kipokea sauti ikihitajika, kompyuta hulazimika kuhamia utaratibu wa simu, ambao hupeleka sauti kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Njia ni nyembamba, kwa hiyo kila mwelekeo hupewa kidogo. Katika utaratibu huo sauti huchukuliwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 8,000 kwa sekunde, au 16,000 ikiwa vifaa vyote viwili vinaimudu sauti pana, ilhali muziki huwa na 44,100 au 48,000. Pande za kushoto na kulia nazo huunganishwa kuwa moja. LE Audio, utaratibu mpya wa sauti uliowekewa msingi katika Bluetooth 5.2 pamoja na kodeki (njia ya kubana sauti) mpya ya LC3, imekusudiwa kuondoa kizuizi hicho, lakini inataka kompyuta na vipokea sauti vyote viwe na uwezo huo.

Kwa sasa, ndani ya mipangilio ya programu ya mkutano, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, au ya waya kama unayo, na uviache vipokea sauti viwe vya kusikilizia tu. Ubora utarudi papo hapo. Mkutano ukiisha na muziki ukaendelea kuwa mwembamba, ipo programu ambayo bado inaishikilia maikrofoni ya vipokea sauti, mara nyingi ni kivinjari kilichoachwa wazi, kifunge.